Mashine inasema 41, themomita inasema 38, mteja anasema anaungua. Nimwamini nani?

#1 NyarMilimani (Kisumu)
Hamjambo wadau. Nina saluni ndogo ya urembo hapa Kisumu, na tangu Januari nafanya kazi ya kukaza ngozi kwa mashine ya RF, ile ya mawimbi ya redio. Kichwa chake kina vyuma vinne vya duara na kioo kinaonyesha joto. Nilivyofundishwa ni hivi: pandisha ngozi ya uso hadi kati ya nyuzi 40 na 42, ishikilie hapo dakika kadhaa huku unazungusha kichwa bila kukisimamisha, kisha hamia upande wa pili.

Kwa usalama nikanunua themomita ya bunduki, zile tulizokuwa tunaelekezewa kwenye paji la uso mlangoni mwa supamaketi wakati wa korona. Jumamosi nilikuwa kwenye taya la mteja, mama wa miaka hamsini na kitu. Kioo cha mashine, 41. Bunduki, 38. Mama akaruka kitini: "Nyathina, unanichoma!" Nikaondoa mkono. Hakutoka lengelenge, lakini kesho yake akanipigia kuwa panauma akipagusa.

Namba mbili na kilio kimoja. Ni nani mkweli hapo?

#2 KukuShinyalu (Kakamega)
Mulembe. Mwamini mama. Bunduki haiungui.

#3 Fundi_Kibuye (Kisumu)
Dada, hiyo bunduki ni ya kupima homa. Ina hali mbili, ya mwili na ya kitu. Ikiwa kwenye hali ya mwili haikuambii joto la ngozi, inakisia joto la ndani. Paji la uso huwa na 33 au 34 hivi, yenyewe inakuandikia 36.5 ili usidhani mtu amekufa. Tafuta kitufe, iweke kwenye hali ya kitu. Kesi imekwisha, soda yangu itume kwa M-Pesa.

#4 Mwalimu_Fizikia (Bungoma)
Soda ingoje. @Fundi_Kibuye, habari ya hali mbili ni ya kweli na ni vizuri umeitaja, lakini hesabu yako inarudi nyuma. Hali ya mwili huongeza, haipunguzi. Kama iliandika 38 ikiwa katika hali hiyo, basi ngozi ilikuwa chini ya 38, na mama alipiga kelele akiwa na ngozi baridi kuliko tunavyodhani. Umelifanya fumbo kuwa gumu zaidi.

#5 Fundi_Kibuye
Mwalimu umeninyang'anya soda mdomoni.

#6 Mwalimu_Fizikia
Pole. Tuanze na kila kifaa kinapima nini, kwa maana hata siku vyote vikiwa vizima havitakubaliana.

Kihisi cha mashine kimekaa ndani ya kichwa, nyuma au kando ya vyuma. Kinapima joto la chuma kinachogusa ngozi. Bunduki inapima mionzi ya joto inayotoka kwenye uso wa chochote kilicho mbele yake, na hapo mbele kuna jeli, si ngozi. Neva za mama ziko ndani ya ngozi. Hivyo una vituo vitatu katika kina tofauti: chuma, jeli, nyama.

Sasa, RF si pasi. Pasi huchoma kutoka nje kwenda ndani. RF inapitisha umeme unaogeuka mwelekeo mara laki kadhaa au mamilioni kwa sekunde, na nyama yenyewe ndiyo inayopata moto kwa sababu inauzuia. Kwenye kichwa chenye vyuma vinavyokaa karibu karibu, kanuni ya kukadiria ni kwamba joto hushuka kina cha kama nusu ya umbali kati ya vyuma. Vikiachana sentimita moja, hesabu nusu sentimita. Juu hapo jeli inapoza, chuma kinanyonya joto, hewa inapita. Kwa hiyo 38 juu na moto zaidi chini ni jambo linalowezekana kabisa.

#7 Mama_Section58 (Nakuru)
Ndiyo maana mimi nilipofanyiwa tumbo nilihisi kama nimemeza chai ya moto ikaenda upande usiofaa 😂

#8 BodaMamboleo (Kisumu)
Mimi si mtu wa urembo lakini niulize. Si nilisikia hivi vifaa vya mwanga havisomi vizuri ngozi nyeusi? Labda bunduki imetengenezewa wazungu.

#9 Sista_Zamu (Kisumu)
Unachozungumzia @BodaMamboleo ni kile kibanio cha kidole cha kupima oksijeni. Hicho kinapitisha mwanga mwekundu na infraredi ya karibu (mwanga usioonekana kwa macho) kupitia kidole, na ni kweli rangi ya ngozi inaweza kukifanya kisome juu kuliko hali halisi. Bunduki ya joto haimuliki kitu, inapokea tu. Katika mionzi inayopokea, ngozi nyeusi na nyeupe ni sawasawa.

RF yenyewe pia haijali rangi, tofauti na leza nyingi ambazo hufuata weusi wa ngozi. Rangi inakuja kujali BAADAYE. Ngozi yetu ikiungua hata kidogo hubaki na doa jeusi kwa miezi, na wenye keloidi, makovu yanayovimba, wanajijua. Na wekundu ambao mzungu angeuona mapema, kwenye taya la mama huyu usingeuona. @NyarMilimani, ulikuwa unaangalia nini zaidi ya namba?

#10 NyarMilimani
Sista, kusema kweli nilikuwa naangalia namba tu. Nimewasha bunduki sasa hivi: ilikuwa kwenye hali ya mwili. 🙈 Feni pia ilikuwa inazunguka kwa nguvu, mnajua joto la huku saa nane mchana.

#11 Fundi_Kibuye
SODA.

#12 Mwalimu_Fizikia
Hapana. Hali ya mwili bado inavuta upande usiofaa. Feni ndiyo inaanza kunishawishi. Jeli ni maji kwa sehemu kubwa. Upepo ukipita, maji yanatoka kama mvuke na kuchukua joto, kwa hiyo jeli inapoa kuliko ngozi iliyo chini yake. Ni mtungi wa udongo ule ule wa bibi. Unapima ubaridi wa mtungi ukidhani unapima jua.

#13 GelKwaJumla (Eldoret)
Chamgei. Tatizo ni emisiviti, yaani uwezo wa kitu kutoa mionzi ya joto. Jeli inang'aa, kwa hiyo bunduki inadanganyika. Mimi nauza jeli isiyong'aa, njooni inbox.

#14 Mwalimu_Fizikia
@GelKwaJumla biashara njema, lakini sivyo. Ngozi ni kama 0.98, maji ni kama 0.96. Tofauti hiyo haileti nyuzi tatu. Kung'aa kwa macho na kung'aa kwa infraredi ni mambo mawili. Kinachodanganya ni chuma kilichosuguliwa: ukielekeza bunduki kwenye vyuma vya kichwa cha mashine utasoma joto la ukuta na la uso wako mwenyewe, kama kioo.

#15 GelKwaJumla
Sawa mwalimu. Jeli bado ipo.

#16 ZiwaTz (Mwanza)
Wakuu, salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Nimefanya kazi hii miaka mingi kidogo, na hakuna aliyemuuliza dada swali la kwanza: ulikuwa unapima ukiwa umesimama wapi, na sekunde ngapi baada ya kuinua kichwa? Bunduki za homa zinataka sentimita tatu hadi tano. Ukisimama mbali, inachanganya taya, shingo na kola ya blauzi, inakupa wastani. Zile za mafundi zenye uwiano wa 12 kwa 1, ukiwa sentimita 60 inasoma duara la sentimita tano. Kitone chekundu kinaonyesha tu katikati, hakipimi kitu, na msikielekeze machoni mwa mteja.

Na taya jamani! Taya, paji na mfupa wa shavu ni ngozi juu ya mfupa. Kichwa kinainama. Kikiinama, umeme wote unakimbilia ukingo mmoja wa chuma. Mteja anachomwa na ukingo wakati kihisi cha mashine kimekaa katikati kinasema mambo safi. Mimi naweka dau langu hapo.

#17 NyarMilimani
@ZiwaTz kwa kweli hukuwepo, lakini umeona. Kwenye kona ya taya kichwa huwa hakilali chote. Bunduki nilishika umbali wa kama urefu wa mkono mmoja hivi.

#18 Fundi_Kibuye
Ushauri wa kiufundi: acha bunduki. Chukua themomita ya waya, ile ya kuchomeka kwenye mita ya umeme. Bandika ncha kwa plasta kwenye ngozi, pitisha kichwa juu yake, utasoma joto halisi moja kwa moja.

#19 Mwalimu_Fizikia
USIFANYE HIVYO. Samahani kwa herufi kubwa. Waya wa chuma chini ya kichwa cha RF unakusanya umeme kwenye ncha yake, utapata doa la kuungua lenye umbo la waya. Hata namba itaruka ruka kwa sababu mawimbi yanaingia kwenye mita. Maabara hutumia nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Ukitaka kutumia waya, inua kichwa kwanza, zima, ndipo uguse.

#20 BodaMamboleo
Nyuzi za kioo, nyuzi za joto, na huu wenyewe ni uzi. Tumeshonewa.

#21 MteteziWaSayansi (Kisii)
Naona mnaogopeshana. Kuna utafiti wa Moritz na Henriques wa 1947, waliopima kwa nguruwe na watu waliojitolea. Nyuzi 44 kwenye ngozi zilihitaji saa sita kuharibu kabisa. Nyuzi 60 ndizo za sekunde tano. Dada alikuwa 41 dakika chache. Mama ana maringo tu.

#22 BodaMamboleo
Saa sita mchana ama usiku?

#23 Sista_Zamu
@MteteziWaSayansi namba ni sahihi, matumizi ndiyo yamepinda. Wale walitumia maji moto juu ya ngozi. Joto liliingia kutoka nje, kwa hiyo juu ndipo palikuwa pa moto kuliko kote. Kwa RF, kama #6 ilivyoeleza, juu si lazima pawe ndipo pa moto zaidi. Huwezi kuchukua jedwali la pasi ukalitumia kwa jiko linalowaka ndani ya chungu.

Pili, utafiti huo huo unaonyesha kati ya 44 na 51 kila nyuzi moja inapunguza muda karibu nusu. Yaani kosa la nyuzi tatu kwenye themomita si kosa la asilimia chache. Ni nusu ya nusu ya nusu, sehemu moja ya nane ya muda uliodhani unao.

Na maringo? Kwenye ncha za neva kuna mlango unaofunguka karibu na nyuzi 43. David Julius na wenzake waliutambua 1997 kwa kutumia pilipili, maana ndio mlango huo huo unaofunguliwa na ukali wa pilipili, na 2021 akapata Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Mtu akisema "panawaka" neva zake zinatoa ripoti. Ndiyo maana kwa kazi hii hatutaki mteja apakwe krimu ya ganzi. Ukimtia ganzi umezima kengele ya moto ili ulale vizuri.

#24 Pwani_Raha (Nakuru)
Kwa hiyo sisi tuliolelewa kwa pilipili Mombasa tunavumilia hadi 50?

#25 Sista_Zamu
Wewe utaungua tu huku unasifia mapishi.

#26 Mama_Section58
Acheni mzaha kidogo. Hiyo ya kengele inanihusu. Dadangu mkubwa ana kisukari, miguu na sehemu ya tumbo hahisi vizuri. Alienda mahali, sipataji, akafanyiwa tumbo. Muhudumu alimuuliza kila mara "uko sawa?" naye alijibu yuko sawa kwa sababu hakuhisi kitu. Aliona malengelenge akioga jioni. Kidonda kilichukua wiki nyingi. Kwa mtu kama huyo, mnaosema "mwamini mteja" (#2) mnamwambia nini?

#27 KukuShinyalu
Pole sana mama. Umenikamata. Nilisema haraka.

#28 Sista_Zamu
Pole @Mama_Section58. Mtu asiyehisi hafai kufanyiwa sehemu hiyo, basi. Pamoja naye: mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, mjamzito, mwenye chuma ndani ya sehemu inayofanyiwa kazi. Na msipite juu ya kope. Hereni na mkufu vitoke kabla hata ya kupaka jeli.

Wengine wamesikia FDA, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani, ilitoa tahadhari Oktoba 2025 juu ya kuungua, makovu na kupoteza mafuta ya uso. Ile ilihusu RF ya sindano, inayoingiza joto chini ya ngozi kwa vijisindano. Mashine ya dada si hiyo. Nasema mapema kabla mtu hajaileta hapa kama radi.

#29 MteteziWaSayansi
Nilikuwa naileta sasa hivi 😅 Nakubali #23. Lakini bado nasema kuna watu wanaohisi 39 kama 45. Mke wangu hawezi kuoga maji ninayooga mimi.

#30 KukuShinyalu
Mimi naomba kuleta ya kwangu kutoka kwenye kuku. Mayai yanataka 37.5 kwenye mashine yenye feni, siku 21. Mwaka juzi nilipoteza trei nzima nikiwa na themomita tatu, kila moja na imani yake. Dawa yangu ikawa beseni. Maji ya uvuguvugu, koroga bila kuacha, tumbukiza themomita ya kioo unayoiamini, elekeza bunduki kwa karibu hapo hapo unapokoroga. Andika tofauti kwenye plasta, bandika kwenye bunduki. Yangu ina "+1".

#31 GelKwaJumla
Kwa nini ujisumbue? Chemsha maji, lazima yawe 100.

#32 Mwalimu_Fizikia
Si hapa kwetu. Kisumu iko mita 1,100 na kidogo juu ya bahari, maji yanachemka karibu 96. Nakuru, mita 1,850 hivi, karibu 94. Na bunduki ya homa haifiki huko, itaandika "Hi" na wewe utadhani inakusalimia. Beseni la Kuku ni bora, ila pima kati ya 38 na 43, maana hapo ndipo kazi ilipo. Na usipokoroga, juu ya maji panapoa kwa mvuke, tunarudi kwenye mtungi wa bibi.

#33 Pwani_Raha
Kuku amewashinda wasomi.

#34 Onyi_Dunga (Kisumu)
Nimesoma uzi wote nikisubiri samaki aive. Je, umeme? Huku kwetu taa zinapanda na kushuka kama mawimbi. Labda mashine ilipigwa na umeme mwingi sekunde mbili ikamchoma mama, halafu ikarudi 41.

#35 Fundi_Kibuye
Hilo nalo. Mashine ya heshima ina pawasaplai inayolinganisha. Mashine za bei ya kutupa sijui, nimefungua mbili, moja kihisi cha joto kilikuwa kimebandikwa kwa gundi kwenye plastiki, hakigusi hata chuma. Kile kitasema 41 hata ukiweka kichwa kwenye barafu, baada ya muda.

#36 ZiwaTz
Fundi hapo umeongea. Dada, fanya jaribio: washa kioo bila kutoa nguvu, weka kichwa kwenye kiganja chako dakika mbili. Kikisema zaidi ya 36 hapo kina tatizo. Na jeli: ilikuwa imekauka? Jeli ikikauka pembeni, umeme unaruka kwa cheche ndogo, mteja anahisi kuchomwa sindano. Kuna saluni niliikuta wanatumia mafuta ya nazi. Mafuta hayapitishi umeme!

#37 NyarMilimani
Asanteni nyote. Nimefanya kazi ya nyumbani jioni hii.

Beseni: bunduki kwenye hali ya kitu, sentimita nne, inasoma chini kwa nyuzi moja na nusu kuliko themomita ya kioo ya mama yangu.
Kiganja: mashine imesema 34 mara mbili, 37 mara moja. Sielewi hiyo 37.
Nikajifanyia mwenyewe mkononi, feni imezimwa, jeli ya kutosha. Kwenye nyama ya mkono niliona raha tupu mashine ikiwa 41. Nilipofika mfupa wa kifundo nikahisi kuchomwa ikiwa 39! Nikilaza kichwa vizuri inapungua. Haiishi.

#38 ZiwaTz
Ukingo. Nilisema.

#39 Mwalimu_Fizikia
Au kina. Juu ya mfupa tabaka ni jembamba, joto halina pa kutawanyikia.

#40 Fundi_Kibuye
Au ile 37. Kihisi kinacholegea kinafanya hivyo: leo kinagusa, kesho hakigusi. Niletee kesho nikifungue, bei ni soda niliyonyimwa.

#41 NyarMilimani
Kesho ni Jumapili omera, na mama wa taya amesema anakuja baada ya kanisa "kumalizia upande wa pili" maana sasa anajiona amekaza upande mmoja tu. 😩 Nimemwambia asubiri.

#42 Sista_Zamu
Asubiri mpaka upande wa kwanza usiume kabisa. Akija, mpe mkono wake kengele: akiinua kidole, unaondoa kichwa, huulizi.

#43 Onyi_Dunga
Samaki ameiva. Kwa ndani bado mbichi, nje ameungua. Mwalimu, hiyo ni pasi ama RF?

#44 Mwalimu_Fizikia
Hiyo ni kuni nyingi.